Tulifyeka vizuri, tukarundika vibaya: kisa cha kitongoji kimoja na barabara yake ya moto

Kabla ya kisa

Haya yalitokea katika kitongoji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022. Nilikuwa katibu wa kamati ya moto, kwa hiyo ninayoyaeleza yametoka kwenye daftari la vikao na mengine niliyaona mwenyewe. Majina ya watu, kijiji na kata nimeyaondoa, na namba za vipande vya barabara ya moto, yaani ukanda tuliofyeka ili kuzuia moto, nimezibadilisha. Wenye makosa sitawataja, maana baadhi ya makosa ni yangu.

Mazingira

Kitongoji kina kaya 60, nyingi zimejipanga juu ya mgongo wa kilima. Chini ya nyumba mteremko wote ni mashamba ya miti: mipaina kwa wingi, milingoti (mikaratusi) kidogo, na miwati inayojiotea yenyewe kila palipowahi kuungua. Bondeni kabisa ndiko kwenye vinyungu, watu wanakolima mboga na mahindi ya kuchoma wakati wa kiangazi.

Mpangilio huo tu ni hatari tosha. Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu ndimi zake huyalalia majani yaliyo juu yake na kuyakausha kabla hayajashika. Ukianzia kinyunguni unakuwa na mteremko mzima wa kukimbilia, na mwisho wa mbio hizo ni majikoni kwa watu.

Mvua huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda, hupiga nyasi zikageuka rangi ya mkate. Agosti upepo wa mchana unaanza, na Septemba na Oktoba watu wanaandaa mashamba. Kwa wengi wetu kuandaa shamba maana yake ni kiberiti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka anayechoma mimea awe na kibali, na hakuna mtu mzima hapa asiyelijua hilo. Ila mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na panga begani hamgongei mwenyekiti mlango kuomba karatasi.

Halafu kuna uchafu wa mipaina yenyewe. Miti kwetu ni akiba: ukipeleka mtoto sekondari, ukiuguliwa, unauza miti. Bei ilipopanda kila mtu alipanda, hadi watu wa mjini ambao shamba lao hawalijui isipokuwa kwa picha ya simu. Mti wa paina hupogolewa ukiwa mdogo ili ukue bila vifundo, na matawi yaliyokatwa huachwa palepale. Majani ya paina hayaozi upesi. Shamba la miaka saba ukilikanyaga linabonyea kama godoro. Juu ya godoro hilo kuna matawi makavu ya miaka mitatu, na juu ya matawi kuna ya mti ambao haujapogolewa, yanayoning'inia hadi usawa wa goti. Moto ukifika hapo umepewa ngazi ya kupandia hadi kileleni.

Kilichotuamsha

Mwanzoni mwa Oktoba 2020 moto ulitoka kinyunguni ukala shamba la mama mmoja mjane, ukasimama kwenye uzio wa choo cha shule. Ulisimama wenyewe. Upepo ulikufa jioni, basi. Siku chache baadaye, tarehe 11, Mlima Kilimanjaro ukashika moto, na redio zikawa hazina habari nyingine: askari wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji, mamia ya watu wanapanda mlimani na matawi mkononi, na moto bado unakwenda. Baadaye tuliambiwa eneo lililoungua linakaribia kilomita za mraba 95.

Mzee mmoja alisema kwenye mkutano, nami nikaandika: "Kule wana magari na serikali. Sisi tuna nini? Tuna ndoo tatu za shule." Mkutano ule ulijaa kuliko hata wa kugawa mbolea ya ruzuku. Tukachagua kamati ya watu saba, wanawake watatu na wanaume wanne, tukaazimia kufungua barabara ya moto baina ya miti na nyumba.

Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

*Ipite wapi.* Wengine walitaka kila mwenye shamba asafishe mpaka wake. Ni sahihi kitaalamu, ila ingekuwa kilomita nyingi sana za kufyeka na hakuna angemaliza. Tuliamua barabara moja, karibu mita 1,300, ikifuata bega la kilima chini kidogo ya nyumba, upana mita 10, na katikati yake mita mbili zikwanguliwe hadi udongo mwekundu uonekane. Bwana miti wa wilaya alikuja siku moja, akatembea nasi na kamba, akakubali. Alitukumbusha jambo moja ambalo sitalisahau, na nitalirudia mbele.

*Lini.* Ukifyeka Aprili, nyasi zinarudi. Ukifyeka Septemba, cheche ya panga kwenye jiwe inatosha kukuletea balaa. Tulichagua katikati ya Juni, mvua zimekatika na majani bado yana unyevu kidogo. Tatizo, Juni ni wakati wa kuvuna mahindi.

*Kwa utaratibu gani.* Tulianza na msaragambo (kazi ya pamoja) wa Jumamosi, mtu mmoja kila kaya, kwa filimbi. Jumamosi ya kwanza walikuja watu 61, maana kaya moja ilileta wawili. Ya pili 44. Ya nne walikuja 19, wengi wao wanawake na wazee, na wawili wakagombana kwa sababu mmoja alikuwa na fyekeo na mwingine alikuja na mikono mitupu "kusimamia". Kamati ilikaa usiku uleule. Mama mmoja, mwenye kauli fupi, akasema: "Gaweni vipande kama kwenye shamba la chai. Mtu akimaliza chake aende kwake." Tukapima mita 20 kila kaya, tukachomeka vigingi vyenye namba. Wiki mbili barabara ikawa imefunguka, watu wakifyeka alfajiri kabla ya kwenda kuvuna, na wengine jioni na watoto.

*Faini.* Tulitoza shilingi 5,000 kwa asiyefyeka. Hili nitalieleza kwenye uchambuzi kwa sababu lilitugharimu.

*Mita 90 za bosi.* Katikati ya barabara kulikuwa na shamba la mtu anayeishi mjini. Hana kaya hapa, hivyo hakuwa na kigingi. Nilimpigia simu mimi. "Shikamoo mzee, ni katibu wa kamati ya moto." Alinisikiliza vizuri kabisa, akasema atatuma hela ya vibarua. Nikampigia mara nne kati ya Juni na Agosti, na kila mara aliitikia kwa adabu. Hela haikuja. Kamati ilijadili kama tufyeke wenyewe, tukaona ni kumfanyia tajiri kazi ya bure wakati mjane aliyeunguliwa amefyeka kipande chake mwenyewe. Tukaacha.

*Uchafu uende wapi.* Hapa ndipo bwana miti alipotuonya. Alisema matawi yaliyofyekwa yarundikwe mafungu madogo katikati ya barabara, yachomwe asubuhi na mapema kungali na umande, kwa kibali, watu wakiwa wamesimama pembeni na maji. La sivyo yaondolewe kabisa. Kamati ikapiga kura kukataa kuchoma. Miezi minane ilikuwa imepita tangu moto wa Oktoba, na watu walikuwa wanaogopa hata moshi wa jirani. Tukasema akina mama wachukue kuni. Walichukua, na walichukua vizuri: kila kilicho mnene kuliko kidole gumba kikaondoka. Vilivyobaki ni ncha za matawi, majani ya paina, nyasi na vichaka vya miwati, vitu ambavyo hakuna anayevitaka jikoni. Hivyo tukavivuta kwa reki hadi ukingo wa chini wa barabara. Ukingo ulionekana msafi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kupiga picha.

Kwa macho yangu ya leo, tulikuwa tumejenga tuta la kuwashia moto, urefu wa zaidi ya kilomita moja, upande uleule moto unakotokea.

Siku ya moto

Ilikuwa Oktoba 2021, saa nane mchana, saa ambayo hewa imekauka kuliko zote. Kijana alikuwa anasafisha kinyungu cha baba yake. Filimbi ilipulizwa kutoka shuleni. Nilipofika kwenye kigingi changu moshi ulikuwa umeshakuwa mweusi, na mweusi maana yake umeshaingia kwenye mipaina.

Kwenye vipande vingi moto ulifika ukingoni ukakuta tuta. Sikuwa nimewahi kuona kitu kile kwa karibu. Shambani ndimi zilikuwa za usawa wa kifua. Zilipogusa tuta zikapanda mara mbili ya mtu, na sauti ikabadilika, ikawa kama lori linapanda mlima kwa gia nzito. Joto lilitusukuma nyuma hadi tukaacha ukingo wa juu wenyewe. Vipande vya maganda ya milingoti vikawa vinaruka juu ya vichwa vyetu vikiwaka, vinatua nyuma yetu. Mita 10 hazikuwa kitu.

Lakini kulikuwa na sehemu moja tofauti. Mama aliyetushauri vipande alikuwa hana tuta. Uchafu wake wote aliubeba kwa matenga hadi kwenye shamba lake la viazi, akauchimbia mifereji na kuufukia uoze. Majirani zake wawili, wa kulia na kushoto, walimwiga kwa sababu alikuwa anawacheka. Kwenye mita 60 hizo moto ulifika ukingoni ukalala. Akina mama watano waliusubiri wakiwa wamesimama kwenye udongo mwekundu na matawi mabichi ya mlingoti mkononi, wakaupiga ukafa. Mmoja wao alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Sisemi hilo kama jambo la kuiga. Nasema ili uone jinsi moto ulivyokuwa mdogo pale.

Mita 90 za bosi hazikusubiri tuta. Moto ulipita mle bila kupunguza mwendo, ukatoka upande wa pili.

Kijana mmoja aliungua mguu. Alikuja mbio akiwa amevaa ndala. Alikanyaga majivu yaliyofunika makaa, ndala ikayeyuka ikamng'ang'ania kwenye unyayo. Tulimpeleka zahanati kwa bodaboda. Na bibi mmoja anayeishi peke yake, asiyesikia vizuri, alikutwa nusu saa baadaye akiwa ndani amefunga mlango, moshi umejaa uani. Alikuwa salama. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kwenda kwake, ndiyo maana hakuna aliyekwenda.

Saa kumi na moja upepo ulishuka, tukaumaliza kwa mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa. Usiku tuligawana zamu, tukazunguka tukifukia visiki. Visiki vya mlingoti vinaweza kufuka chini kwa chini hata siku mbili na kuwaka upya, na hilo walau tulilijua.

Matokeo

Juu ya barabara ziliungua ekari tatu hivi za mipaina ya kaya mbili, na jiko moja la nje lililoezekwa nyasi. Hakuna nyumba iliyoungua, wala hakuna aliyekufa. Chini ya barabara mteremko mwingi uliteketea, kama ambavyo ungeteketea hata bila barabara. Wenye mipaina iliyoungua waliiuza kama kuni, kwa bei ya kutupa. Kijana wa ndala alitembelea mkongojo hadi Krismasi.

Wiki iliyofuata kikao kilikuwa cha matusi. Waliounguliwa walidai barabara imewadanganya. Waliofyeka walidai faini walizolipa jirani zao zirudishwe au zionekane zimefanya nini.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ya vyote ni vipande. Kwenye msaragambo mvivu hujificha nyuma ya mchapakazi, na mchapakazi akishaliona hilo Jumamosi mbili tu, naye anaacha kuja. Mita 20 zenye kigingi na namba hazina pa kujificha, na zilimwachia kila mtu achague saa yake katika msimu wa mavuno. Nadhani hata kama moto usingekuja, hili peke yake lingetosha kuandikwa.

Barabara yenyewe pia ilifaa, na hili waliounguliwa hawakutaka kulisikia. Barabara ya moto kazi yake kubwa ni kumpa mtu mahali pa kusimama akaupige moto uliopungua nguvu. Ilipokuwa na udongo mtupu na ukingo mtupu, watu watano waliweza. Ilipokuwa na tuta, hata ishirini walikimbia. Upana ulikuwa uleule, upepo uleule, saa ileile.

Kwa hiyo kosa letu kubwa lilikuwa kuhesabu kazi kuwa imekwisha nyasi zilipolala. Kufyeka hakuondoi cha kuungua, kunakihamisha tu kutoka wima hadi kulala, na kikilala kimelundikana kinawaka kuliko kilivyokuwa kimesimama. Tulikataa kuchoma kwa sababu ya woga. Woga ule ulikuwa wa haki, ila hatukuweka kitu mahali pake. Kamati ilipaswa kuuliza swali moja kabla ya kupiga kura: kama hatuchomi, kila tenga linakwenda wapi, na nani analibeba? Sisi tulisema "akina mama wachukue kuni" kana kwamba akina mama ni jalala. Kipande changu mimi katibu kilikuwa na tuta kubwa kuliko la wengi, kwa sababu nilikuwa nimepogolea mwaka huohuo.

Kuhusu mita 90, tulichanganya haki na usalama. Kumfanyia kazi mtu asiyejali ni uonevu, naam. Lakini pengo lile halikuwa mbele ya mlango wake yeye, lilikuwa mbele ya jiko la mtu mwingine. Tungefyeka kwanza, tukamdai baadaye, kwa barua ya serikali ya kijiji badala ya simu zangu za shikamoo.

Faini ilituumiza kwa njia ya kisheria. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iipitishe, na yetu ilikuwa bado kwenye faili. Tulitoza kaya tano, mmoja akaenda kulalamika kwa mtendaji wa kata, na alikuwa na haki. Tulirudisha hela. Tangu hapo kila neno la kamati likawa linajibiwa, "na hilo nalo limepitishwa?"

Viatu na bibi ni mambo ya kamati kusahau watu wakati ikikumbuka miti. Hakuna zaidi ya kusema.

Tulichobadilisha

Juni 2022 vipande vilirudi vilevile, ila kipande hakihesabiwi kimekwisha mpaka ukingo wa chini uwe mtupu. Tulipata kibali, tukachoma mafungu katikati ya barabara saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, kwa zamu ya kaya kumi kumi. Hata waliopiga kura ya kukataa walikuja. Wengine walimfuata yule mama na mifereji yake ya viazi.

Tuliruhusu pia kulima ndani ya barabara wakati wa mvua, ili udongo ubaki wazi bila kufyeka. Maharage na viazi vilifaa. Mmoja alipanda mahindi, akavuna, akaacha mabua makavu yamesimama. Ikabidi tumfyekee barabara ndani ya barabara. Sasa mahindi hayaruhusiwi.

Mabadiliko mengine ni madogo. Asiye na viatu vya kufunika mguu anabaki juu kuchota maji. Kila mzee anayeishi peke yake ana vijana wake wawili, majina yameandikwa ukutani shuleni. Sheria ndogo ilipita.

Mwenye mita 90 hakutuma hela, ila alikubali kwa maandishi jirani alime viazi pale bila kodi kwa sharti la kupaweka wazi. Jirani huyo ni mmoja wa wale wawili waliounguliwa mipaina. Msimu wa kwanza alitoa magunia sita. Miwati imeanza kuchipua kwa mamia pale palipoungua, maana mbegu zake hupenda joto la moto, na yeye huing'oa kwa mkono kila baada ya palizi.

Jumapili iliyopita niliitembea barabara yote na daftari. Kipande cha 41 bado kina rundo ukingoni. Mwenyewe ameniahidi ataliondoa Jumamosi, akirudi mnadani.